"Nataka Core i7 tu": dhana potofu kuhusu laptopu ya mwanafunzi, na ukweli wake

"Fundi, nitafutie laptopu ya mwanafunzi, isiwe ya bei kubwa, ila iwe Core i7." Maneno haya nayasikia kwa wazazi, kwa wanafunzi wenyewe, hata kwa walimu. Core i7 ni jina la prosesa ya kampuni ya Intel, yaani ule ubongo wa kompyuta. Nikiuliza i7 ya kizazi gani, kimya. Nikiuliza RAM (kumbukumbu ya kazi zilizo wazi) kiasi gani, naambiwa "yoyote, mradi i7." Mtu huyo huondoka akanunue kwingine mashine ya mwaka 2013 yenye stika inayong'aa, na muhula haujafika katikati analeta malalamiko kwamba inakwama. Inaniuma, kwa sababu fedha ile ile ingempatia kitu kizuri. Basi hili la i7 nitalieleza kwa kirefu, mengine nitayapitia.

Dhana: i7 ni bora kuliko i5, na i5 ni bora kuliko i3

Jina Core i7 lilianza mwaka 2008. Tangu hapo Intel imelitumia kizazi baada ya kizazi, kwa prosesa zinazotofautiana kabisa ndani. Kusema "ni i7" bila kutaja kizazi ni kama kumsifu mtu kwamba alikuwa nahodha bila kusema wa timu gani wala mwaka gani.

Chukua mfano halisi. Core i7-4600U ni ya mwaka 2013 na ina kore 2, yaani sehemu mbili za kufanya kazi ndani ya prosesa. Core i3-1215U ni ya mwaka 2022 na ina kore 6: 2 za nguvu na 4 za kubana umeme. Hiyo i3 "ya wanyonge" inaiacha mbali i7 ile katika karibu kila kazi ya mwanafunzi, na inacheza video za kisasa bila kuchemka. Lakini weka mashine hizo mbili mezani, moja na stika ya i7, nyingine na stika ya i3, uone mkono wa mnunuzi unakwenda wapi.

Hata miaka ikikaribiana jina linadanganya. i7-7500U ya mwaka 2016 ina kore 2. Mwaka uliofuata ikaja i5-8250U yenye kore 4. Hapo ndipo laptopu nyembamba za Intel zilipopiga hatua kubwa, na ndiyo sababu kwa mashine iliyotumika nasema kila siku: anzia kizazi cha 8, usirudi nyuma. Na ndani ya kizazi kimoja, i5-8250U na i7-8550U zote zina kore 4. Tofauti ni kasi kidogo na kache kidogo (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa), tena katika laptopu nyembamba joto likipanda zote mbili zinapunguza mwendo. Ongezeko la bei unalolipa kupanda kutoka i5 kwenda i7 hapo, mara nyingi lingetosha kuongeza RAM, na RAM utaihisi kila siku.

Kizazi cha 8 kina sababu nyingine pia. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi kizazi cha 8 kwenda juu, ukiondoa prosesa chache sana za kizazi cha 7. Najua kuna njia za kuilazimisha iingie kwenye mashine za zamani, na kuna watu wanaziuza hivyo. Mwanafunzi anayeweka utafiti wake wote humo hapaswi kuanza safari ya miaka minne na mashine ambayo mtengenezaji wa mfumo haitambui.

Kizazi unakijuaje? Soma namba baada ya kistari. i7-4600U ni kizazi cha 4. i5-8250U ni cha 8. i5-10210U ni cha 10. Mtego uko hapa: i5-1135G7 si ya kizazi cha 1, ni ya 11, na i5-1235U ni ya 12. Namba ya tarakimu nne ikianza na 1 kwenye mashine ya miaka ya karibuni, soma tarakimu mbili za mwanzo. Herufi nayo ina kazi yake. U ni prosesa ya kubana umeme, ndiyo ya kubeba. H ni ya nguvu, inakula betri na inadai feni kubwa. Tangu mwishoni mwa 2023 Intel imeanza kuiondoa ile "i", kwa hiyo utakutana na Core 5, Core 7 na Core Ultra.

Mashabiki wa AMD, mshindani wa Intel, msifurahi mapema, na kwenu mtego upo. Katika prosesa zake za Ryzen za laptopu za mfululizo wa 7000, tarakimu ya kwanza ni mwaka wa kuuzwa; usanifu wa ndani uko kwenye tarakimu ya tatu. Ryzen 5 7520U imetumia usanifu wa Zen 2, ambao ulitoka mwaka 2019, na ina kore 4. Ryzen 5 7530U ni Zen 3 yenye kore 6. Tarakimu moja tu, mashine mbili tofauti, na dukani zote zinaitwa "Ryzen 5 mpya".

Stika usiiamini hata kidogo, maana inabanduka na kubandikwa kwingine. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Nenda Performance. Ukigusa CPU utaona jina kamili la prosesa juu kulia pamoja na idadi ya kore. Ukigusa Memory utaona kiasi cha RAM na nafasi ngapi zimetumika kati ya ngapi. Ukigusa Disk utaona kama ni SSD (hifadhi ya chipu, haina kinachozunguka) au HDD (diski inayozunguka). Ni kazi ya dakika moja. Muuzaji akikuzuia kufanya hivyo, rudisha fedha mfukoni uondoke.

Dhana: 1TB ni bora kuliko 256GB

Ni bora kwa kuhifadhi filamu. Kwa kufungua mashine na kufanya kazi, kinachohesabika kwanza ni aina ya diski. HDD ya laptopu ina sahani inayozunguka na kichwa kinachotafuta data huku na kule. Ikisoma mfululizo hufika megabaiti 100 hivi kwa sekunde, na ikisoma vipande vidogo vidogo, ambavyo ndivyo Windows inavyofanya muda wote, inaanguka chini mno. SSD ya SATA, muunganisho wa zamani, inafika kama 550, ya NVMe, muunganisho wa kasi zaidi, inaweza kupita 3,000. Tena HDD haipendi kutikiswa, na mkoba wa mwanafunzi unatikisika kutwa. Laptopu nyingi ninazoletewa eti "zina virusi, zinakwama" hazina kirusi chochote: zina HDD na RAM ya 4GB. Nikitoa diski hiyo, nikiweka SSD na kuongeza RAM, mwenyewe anauliza kama nimembadilishia mashine.

Watu pia wanachanganya RAM na hifadhi, wote wanaita "memori". Windows 11 inataka RAM isiyopungua 4GB ili iingie. Kuingia si kufanya kazi. Fungua kivinjari chenye kurasa kumi, Word na mkutano wa video, 4GB imekwisha, mashine inaanza kuhamishia mzigo kwenye diski. Kwa mwanafunzi mimi naanzia 8GB, na kama mashine imechomelewa RAM kwenye mazabodi (ubao mkuu wa ndani) bila nafasi ya kuongeza, natafuta 16GB tangu mwanzo. Uliza swali hili kabla ya kulipa, kwa sababu laptopu nyembamba nyingi za sasa RAM yake haiongezeki kamwe.

Dhana: mpya ya bei ndogo inashinda iliyotumika

Hili linafuatia i7 kwa kunikera. Laptopu mpya za bei ya chini kabisa, zile zenye rangi nzuri na boksi lenye picha ya mwanafunzi anayecheka, mara nyingi zina Celeron, prosesa ya Intel ya bei ya chini, kama N4020 yenye kore 2, RAM ya 4GB iliyochomelewa, na hifadhi ya eMMC (chipu ya polepole kuliko SSD) ya 64GB ambayo nayo imechomelewa. 64GB ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakidai. Sasisho kubwa likija halina pa kukaa. Unafuta picha, unafuta programu, bado. Na hakuna fundi atakayekusaidia, kwa sababu hakuna cha kubadilisha.

Kwa fedha hiyo hiyo mara nyingi unapata mashine iliyotoka maofisini: ThinkPad za Lenovo za mfululizo wa T, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Hizi zilijengwa ili ofisi izitumie miaka na fundi azifungue kwa bisibisi moja. Vipuri vinapatikana, kibodi zake ni za kuandikia insha ndefu bila kuumia vidole. Kizazi cha 8 au zaidi, RAM 8GB, SSD 256GB, kioo cha 1920 kwa 1080: mwanafunzi wa shahada nyingi anamaliza nayo masomo.

Kama lazima iwe mpya na fedha ni kidogo, angalau epuka kore 2. Prosesa ya Intel N100 ina kore 4, na ikiwa na RAM 8GB na SSD halisi, kuandika, kusoma na kuhudhuria masomo ya mtandaoni inaweza vizuri.

Iliyotumika ina hatari yake, nayo ni kufuli. Zima, washa, ingia BIOS, ule mpangilio unaofunguka kabla ya Windows; ikikudai nywila ambayo muuzaji hana, achana nayo. Kisha dai Windows iwekwe upya mbele yako na mashine iunganishwe na intaneti wakati wa kuianzisha. Ikileta ukurasa unaodai barua pepe ya kampuni au taasisi fulani, mashine hiyo bado imesajiliwa kwa mmiliki wake wa awali. Kwa MacBook, hakikisha akaunti ya mmiliki wa kwanza imeondolewa, la sivyo umenunua bati.

Dhana: betri ichajiwe saa nane mara ya kwanza, na iishe kabisa kila mara

Ushauri huu ulibaki kutoka enzi za betri za nikeli. Betri ya lithiamu haihitaji chaji ya kwanza ndefu, na kuiacha ifike sifuri kila siku kunaichosha. Kinachoiua haraka ni joto: laptopu juu ya godoro, matundu ya hewa yamezibwa, na chaja imechomekwa. Kukaa kwenye chaji hakuijazi kupita kiasi, mashine yenyewe inakata. Ila ikikaa asilimia 100 miezi yote inazeeka upesi kiasi, ndiyo maana mashine nyingi zina mpangilio wa kuishia asilimia 80. Kama laptopu yako haitoki mezani, washa mpangilio huo.

Kwa iliyotumika, usikubali neno "betri inakaa". Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayokutajia. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo iliobaki nao. Ikisema 50,000 na 31,000, betri hiyo imebaki na asilimia 62. Chini ya 70 mimi naingiza bei ya betri mpya kwenye mapatano papo hapo.

Dhana: anayesoma kompyuta anahitaji laptopu ya gemu

Kuandika programu kunataka RAM, SSD na kibodi nzuri. Kadi ya grafiki inawahusu wanaochora majengo kwa 3D, wanaohariri video nzito na wanaofunza modeli za akili bandia kwenye mashine yao wenyewe. Wengine wote watabeba mzigo na feni inayopiga kelele maktaba nzima.

Na kwa wanaoapa kwamba MacBook inafaa kila mtu: MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 ni mashine nzuri mno kwa kubeba, haina feni na betri yake inadumu. Lakini SolidWorks na ArcGIS Pro ni programu za Windows. Mwanafunzi wa uhandisi au wa ramani aombe kwanza orodha ya programu kutoka idarani, ndipo aingie dukani.

Antivirusi ya kununua? Iliyomo ndani ya Windows inatosha mwanafunzi anayesasisha mfumo wake na asiyepakua programu zilizovunjwa kufuli.

Dhana: kioo kikubwa ndiyo laptopu kamili

Inchi 15.6 inapendeza mezani. Mabegani, mashine nyingi za ukubwa huo ziko karibu na kilo 2, bado hujaweka chaja, vitabu na chupa ya maji. Inchi 14 ndiyo ninayopendekeza karibu kwa kila mwanafunzi anayetembea: madirisha mawili yanakaa kando kwa kando, na zipo nyingi za kilo 1.3 hadi 1.6. Pendelea inayochajiwa kwa tundu la USB-C, kwa sababu chaja ndogo ya wati 65 inatosha laptopu nyingi za aina hiyo na simu pia. Na unapopima uzito dukani, ishike pamoja na chaja yake, kwa maana ndivyo utakavyoibeba kila asubuhi.