Je, wajua kwa nini mashine ya gemu yenye nguvu zaidi mara nyingi ndiyo inayoanguka?

Katika mabanda ya gemu ya Ng'ambo, mjini Unguja, kuna ubishi usiokwisha: mashine ipi ni kubwa yao? Mmoja atashika PS4 (PlayStation 4 ya Sony), mwengine atasema PS5 haina mpinzani, na kijana aliyezaliwa juzi ukimtajia PS2 atacheka. Kwa hesabu ya mauzo, kesi hii ilishakatwa zamani. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, ikaendelea kutengenezwa mpaka mwanzoni mwa 2013, na iliuzwa kiasi cha mashine milioni 160. Nintendo DS ilikomea milioni 154, na Nintendo Switch imeshavuka 150.

La kushangaza ni kwamba PS2 ilikuwa dhaifu kuliko wapinzani wake. Xbox ya Microsoft na GameCube ya Nintendo, zote za mwaka 2001, zilikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuchora picha, lakini Xbox iliuza kama milioni 24 tu na GameCube milioni 21 na kitu. Wala si mara moja. Game Boy ya Nintendo, isiyokuwa na rangi, iliishinda Game Gear ya Sega yenye rangi tele. PlayStation ya kwanza iliishinda Nintendo 64. Wii ya Nintendo, iliyokuwa nyonge mbele ya PS3 na Xbox 360, iliziacha zote mbili nyuma kwa mashine milioni 101. PS4 ndiyo iliyokwenda kinyume, maana ilikuwa na nguvu kuliko Xbox One na ikashinda, lakini hiyo ni moja katika kundi.

Kwa nini iwe hivyo? Angalia pesa zinaingilia wapi. Kampuni nyingi huuza mashine kwa faida nyembamba, pengine kwa hasara kabisa, kisha hupata faida yao kwenye gemu. Kila gemu inayouzwa, hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyengine, kampuni iliyotengeneza mashine hukatiwa fungu lake. Ni kama mtu akuuzie ngalawa kwa bei ya kutupa, kwa sharti kwamba kila ukishusha samaki yeye apate fungu. Mtu huyo hashughuliki sana na kasi ya ngalawa. Anachotaka ni ngalawa nyingi baharini, na wavuvi wasiochoka kutoka.

Nguvu zina gharama. Chipu kali hupandisha bei, bei hupunguza wanunuzi, na watengenezaji wa gemu wakiona wanunuzi ni haba hupeleka kazi zao kwengine. Gemu zikipungua, hata yule aliyekuwa na fedha mkononi hughairi. Mashine inaweza kufa hivyo na haina kasoro yoyote ndani yake.

Gemu zikizidi bila ya mlinzi wa mlangoni nazo huua. Atari 2600 ya mwaka 1977 iliuza kama milioni 30 na ndiyo iliyoizoesha Marekani kucheza gemu sebuleni. Lakini yeyote aliweza kuitengenezea kaseti, na soko likajaa takataka. Gemu ya E.T. ya mwaka 1982 ilitengenezwa kwa wiki tano hivi ili iwahi Krismasi. Mwaka uliofuata Atari ilizika kaseti zake zisizouzika kwenye jaa la Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 watu walikwenda kulichimba jaa hilo na wakazikuta kweli. Biashara ya gemu za nyumbani Marekani iliporomoka kutoka kiasi cha dola bilioni 3 hadi karibu milioni 100 tu ifikapo 1985.

Nintendo ilijifunza hapo. Mashine yake ya NES ilipoingia Marekani ilikuwa na chipu ya kufuli: kaseti isiyokuwa na idhini haiwaki. Iliuza karibu milioni 62 na kulifufua soko ambalo maduka yalikuwa hayataki hata kulisikia. Sisi huku tuliipata kwa mlango wa nyuma, kwa zile nakala zilizokuja na mizigo ya Dubai, zenye kaseti iliyoandikwa kwamba ina gemu elfu kadhaa, ambazo ukizipitia unakuta ni zile zile kumi na kitu zinazojirudia. Wengi wetu tulimjua Mario bila ya kuijua Nintendo, na Nintendo haikupata hata senti kutoka kwetu.

Game Boy ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Mhandisi Gunpei Yokoi wa Nintendo aliamini katika kutumia teknolojia iliyokwishazeeka, iliyo rahisi na inayojulikana tabia zake, kisha kutafuta njia mpya ya kuifurahia. Mwaka 1989 akatoa mashine ya mkononi yenye kioo cha kijani kilichofifia, kisichowaka hata taa. Mwaka uliofuata Sega ikaja na Game Gear, yenye rangi na taa nyuma ya kioo, na kila aliyeziweka pamoja aliona ipi nzuri. Lakini Game Gear ilikula betri sita kwa saa tatu hadi tano. Game Boy ilikwenda kwa betri nne na kudumu saa kumi na zaidi, na huko Marekani iliuzwa pamoja na Tetris, gemu ambayo mtoto na bibi yake wanaweza kuigombania. Pamoja na ndugu yake Game Boy Color, ilifika milioni 118. Game Gear iliishia kama milioni 10.

Yokoi huyo huyo, mwaka 1995, alitoa Virtual Boy: miwani mikubwa iliyosimama juu ya meza, picha nyekundu juu ya weusi mtupu, na kichwa kikimuuma anayecheza. Iliuza kama laki saba na elfu sabini, na haikumaliza mwaka madukani. Kwenye orodha nyingi za mashine mbovu ndiyo inayowekwa kileleni. Mimi siiweki hapo, maana Nintendo ilijikung'uta vumbi na kuendelea na safari.

Kosa kubwa zaidi la Nintendo lilikuwa la mapema kidogo. Mwaka 1991, kwenye maonesho ya Chicago, Sony ilitangaza mashine ya diski iliyokuwa ikiitengeneza pamoja na Nintendo. Siku iliyofuata Nintendo ikasimama mbele ya watu hao hao na kutangaza kwamba itafanya kazi hiyo na Philips. Ken Kutaragi wa Sony hakuyameza. Aliwashawishi wakubwa wake watengeneze mashine yao wenyewe, na Disemba 1994 PlayStation ikatoka. Mwaka 1995, kwenye maonesho ya Los Angeles, Sega ilitangaza kwamba Saturn yake itauzwa dola 399. Baadaye siku hiyo mtu wa Sony alipanda jukwaani, akataja namba moja tu, 299, akashuka. Nintendo 64 ilipokuja mwaka 1996 ilikuwa na nguvu kuliko zote mbili, lakini iling'ang'ania kaseti, ambazo ni ghali kutengeneza na hubeba kidogo, wakati diski ya CD hubeba zaidi ya megabaiti 600 kwa gharama ndogo sana. Final Fantasy VII, iliyohitaji diski tatu, ikahamia Sony. PlayStation ilivuka milioni 100. Nintendo 64 ikabaki na 33 hivi.

Sasa tuje kwa marehemu ninayemsikitikia. Wazee walisema kizuri chajiuza, lakini hawakuiona Dreamcast. Sega iliitoa Novemba 1998, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya PS2. Ilikuwa na modemu ya kuingilia intaneti ndani yake wakati wengi hawajawaza jambo hilo, gemu zake zilikuwa na ubunifu wa aina yake, na bei haikuwa mbaya. Iliuza milioni 9 tu. Kwanza, wanunuzi walikuwa wameshaumwa na nyoka: Saturn, na kabla yake vifaa vya kuongezea kwenye Mega Drive, mashine yake ya zamani zaidi, vilitelekezwa mapema na Sega yenyewe. Pili, kampuni ya EA ilikataa kuitengenezea gemu, kwa hiyo ikakosa FIFA, gemu ya mpira. Jaribu kufungua banda Kikwajuni lisilokuwa na FIFA uone utapata wateja wangapi. Tatu, mwaka 2000 iligundulika njia ya kuchoma gemu zake kwenye CD ya kawaida, na mashine ikazisoma bila ya kufunguliwa wala kutiwa chipu. Wenye kununua walifurahi. Yule wa kukatiwa fungu lake alikosa.

Pigo la mwisho likawa PS2 yenyewe, hata kabla haijafika madukani. Sony ilitangaza kwamba mashine yao itacheza filamu za DVD na pia gemu za PlayStation ya kwanza. Wakati huo deki ya DVD peke yake ilikuwa ghali, kwa hiyo baba asiyejua gemu alipata sababu ya kumnunulia mtoto mashine. Watu wakaamua kungoja. Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba haitengenezi mashine tena. Mkuu wake, Isao Okawa, aliipa kampuni karibu yen bilioni 85 za mali yake mwenyewe ili isizame, akafariki Machi mwaka huo huo. Sega ikageuka kuwa mtengenezaji wa gemu za wenzake, na Sonic, nyota wa gemu zake, akaingia kwenye mashine za Nintendo. Hilo kwangu ndilo anguko namba moja: kampuni ilitoa kitu kizuri kuliko vyote ilivyowahi kutoa, na kitu hicho kikawa cha mwisho.

PS2 kwetu ilikuwa na sababu zake za ziada za kushinda, ambazo huzioni kwenye orodha za Ulaya na Marekani. Unguja inapokea umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara. Mwaka 2008 waya ulileta hitilafu na kisiwa kikakaa kiza kwa karibu mwezi mzima. Na kuanzia Disemba 2009 kikakaa tena kiasi cha miezi mitatu. Pemba haikuunganishwa na umeme wa gridi, kupitia Tanga, mpaka 2010. Kabla ya hapo ilitegemea majenereta ya dizeli. Katika hali hiyo, PS2 nyembamba iliyotoka 2004 ilitumia chini ya wati 50. PS3 ya kwanza, iliyotoka 2006 kwa dola 499 na 599, ilikula karibu wati 200 ikichezwa. Anayejaza mafuta kwenye jenereta dogo nyuma ya banda hahitaji hesabu ya skuli kuijua tofauti. Isitoshe, gemu za mpira hazikukatika: toleo la 2014 la Pro Evolution Soccer, ambayo vijana wengi waliijua kwa jina la Winning, bado lilitolewa kwa PS2, miaka 13 baada ya mashine kuzaliwa.

Walioanguka ni wengi na si wote wanaostahili machozi. Pippin ya Apple na Bandai, dola 599 mwaka 1996, iliuza kama elfu 42 ikasahaulika. N-Gage, simu ya gemu ya Nokia ya mwaka 2003, ilitaka utoe betri kila unapobadilisha gemu, na ukipigiwa simu uishike ubavu kwenye sikio, wakati Nokia hiyo hiyo ilikuwa imeuza 3310 kwa mamilioni na gemu ya nyoka ndani yake, bure. Wii U ya 2012 ina kisa cha ajabu zaidi, maana ilimfuata mshindi. Jina lilifanana mno na Wii, na wengi walidhani ni pedi mpya tu ya mashine waliyokuwa nayo. Milioni 13 na nusu. Nintendo ikachukua wazo lile la kioo cha mkononi, ikalitengeneza upya, na 2017 ikatoa Switch.

Xbox 360 sijui niiweke upande gani. Iliuza milioni 84, lakini joto liliziharibu nyingi kiasi kwamba mwaka 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni moja kugharimia matengenezo. Taa tatu nyekundu zikiwaka, mashine imekwisha. Ukifikiria joto la chumba kilichofungwa Michenzani mwezi wa Februari, utaelewa kwa nini wenye mabanda walishikamana na Sony.

Orodha yangu, basi: PS2 juu, Game Boy pili, NES tatu kwa kulifufua soko. Chini kabisa Dreamcast, kisha Wii U. Stadia ya Google, iliyoanza 2019 na kufungwa Januari 2023, ilitaka gemu zote zipitie intaneti bila ya mashine wala diski. Google ikawarudishia wanunuzi fedha zao.

Na mlango wa diski ndio wa kuangalia sasa. PS5 Pro ya 2024 inauzwa bila ya huo mlango, na ziko PS5 za kawaida zisizokuwa nao pia. Bila ya diski huwezi kuazima, kubadilishana wala kununua gemu mkono wa pili, na banda hutegemea hayo. Mwenye kutaka kufungua banda leo, Chake Chake au Mlandege, na anunue PS4: zote zina mlango.