Na kocha naye, amelala?

Klabu ikiniita nishauri kuhusu afya ya akili, karibu kila mara ni kwa ajili ya mchezaji: kipa aliyefungwa bao la kizembe na sasa anaogopa krosi, au mshambuliaji anayetetemeka akipewa penalti. Kocha hunipokea, hunisimulia shida za vijana wake, kisha hunisindikiza hadi mlangoni. Siku hizi, kabla hatujaagana, namuuliza: wewe, baada ya mechi unalala saa ngapi? Wengi hucheka kwanza. Jibu likija, huwa refu kuliko maongezi yote yaliyotangulia.

Naanzia kwenye usingizi kwa sababu hakuna anayeona haya kusema halali, ila kusema "nina huzuni" ni kazi. Dakika 90 moyo wa kocha nao unakwenda mbio, lakini mchezaji anaukimbiza uwanjani, yeye amesimama kwenye mstari. Usiku anafungua video kulitafuta kosa, na alfajiri inamkuta hapo. Sharti langu la kwanza ni dogo: video ya mechi iliyopotea itazamwe kesho yake, tena na mtu mwingine wa benchi la ufundi akiwa pembeni.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika 2022, haliuhesabu uchovu wa kazi kuwa ugonjwa. Linauita hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa, yenye dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kujiona huwezi tena. Mimi huiogopa zaidi ile ya pili. Kocha aliyekuwa akijua jina la mtoto wa kila mchezaji anaanza kuwaita kwa namba za jezi.

Ralf Rangnick aliacha kuifundisha Schalke, klabu ya soka ya Ujerumani, 2011 kwa uchovu, akarudi kazini baadaye. Jürgen Klopp alipotangaza Januari 2024 kwamba ataondoka Liverpool, alisema nguvu zinamwishia. Hao wana majina na akiba. Kocha wa timu ya vijana, ambaye ndiye huyohuyo anayechora mistari ya uwanja na kuwafuata wazazi wasiolipa ada, akisema amechoka anaambiwa wapo wengi wanaoitaka nafasi yake.

Kinachonisumbua zaidi ni suala la siri. Anayenilipa ni klabu, na mwenyekiti anayeidhinisha malipo yangu ndiye atakayesaini barua siku kibarua cha kocha kitakapoota nyasi. Kwa nini basi aniambie kwamba hulia ndani ya gari? Miaka yangu ya mwanzo kiongozi mmoja alinipigia simu: "Kocha yukoje?" Nikajibu, "Amechoka kidogo tu," nikidhani namwombea mapumziko. Neno hilo likafika kikaoni likiwa limevimba. Kocha hakuniambia lolote tena, na alikuwa na haki.

Tangu hapo sianzi bila maandishi: anachoniambia kocha hakifiki kwa uongozi, isipokuwa maisha yawe hatarini. Uongozi ukikataa, nabaki na wachezaji, na kocha namtafutia mtu wa nje. Na anayewaza kujidhuru hasubiri miadi yangu. Anaonana na daktari siku hiyohiyo.

Mapumziko nayo yaandikwe kwenye mkataba, simu ikiwa kwa msaidizi. Ahadi ya mdomo haivuki kipigo cha kwanza.

Jambo lililonishangaza ni lisilogharimu kitu. Niliwakutanisha kocha wa soka na kocha wa kuogelea, watu wasiogombea kombe moja, wawe wanapigiana simu kila Jumatatu. Wa kuogelea mpaka leo hajui kuotea ni nini. Mwenzake anasema ndiyo maana anampigia.