Hofu ya maji ya kina: hipnosisi inasaidia nini, na inaishia wapi

Mama mmoja mwenyeji wa Pemba, anayeishi na kufanya kazi mjini Unguja, alikuja kliniki kwetu akiwa hajavuka kwenda kwao kwa miaka minane. Nauli alikuwa nayo. Mara mbili alikata tiketi ya boti, akafika bandari ya Malindi hapo mjini Unguja, akatazama mbele ya gati pale maji yanapoacha rangi ya kijani na kuwa meusi, akageuka na mizigo yake. Mama yake mzazi alipofariki, akazikwa bila yeye kuwapo. Ndipo alipokuja. (Ameniruhusu nieleze habari zake bila jina.)

Yeye mwenyewe hajawahi kuzama. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya abiria MV Spice Islander I ilipozama katika mkondo wa Nungwi, alikuwa miongoni mwa waliosimama wakisubiri majina. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, ikazama meli nyingine, MV Skagit, karibu na kisiwa cha Chumbe. Hofu haihitaji mtu ayanywe maji ndipo imwingie. Hupita masikioni, kwenye vilio vya jirani, kwenye turubai la msiba. Kwa hiyo naomba tuache kuwaambia watu hawa "jikaze" au "we mtoto wa pwani gani?" Maneno hayo yamewafanya wengi wafiche tatizo linalotibika.

Mwilini hofu hii ina njia yake. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga kengele ya hatari kabla fikra hazijapata nafasi ya kupima. Adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi za juu juu. Kupumua hivyo kunapunguza kaboni dayoksaidi kwenye damu, ndiyo maana mtu anahisi kizunguzungu na ganzi vidoleni, akaamini kwamba anakufa kweli. Anakimbia, anapata nafuu papo hapo, na nafuu ile ndiyo inayoifundisha hofu kwamba kukimbia kulikuwa sahihi. Safari ijayo kengele inalia mapema zaidi.

Hipnosisi, yaani tiba ya kumtuliza mtu na kuukusanya umakini wake mahali pamoja, inaingia hapo kwenye kengele. Jina lenyewe lilienezwa na James Braid, daktari wa upasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, miaka ya 1840. Mwaka 1955 Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali kuwa njia inayofaa kwa baadhi ya matatizo ya kisaikolojia na kwa kupunguza maumivu. Nalitaja hili kwa sababu wagonjwa wengi huniuliza, kwa sauti ya chini, kama hii si mazingaombwe au kuchezewa na jini. Sivyo. Hulali, husikii sauti ngeni, wala hakuna anayekutawala. Ni hali ya utulivu ambamo umakini wako wote umekaa mahali pamoja, kama unavyozama kwenye hadithi hata usisikie adhana ya jirani. Ukitaka kufumbua macho, unafumbua. Mama yule alianza kila kikao kwa Bismillahi, nami nikamsubiri amalize.

Kikao chenyewe hakina maajabu. Anakaa kwenye kiti, anatoa pumzi polepole kuliko anavyoivuta, namwongoza kulegeza taya, mabega, viganja. Akishatulia, anagusanisha kidole gumba na cha shahada. Tunairudia mara nyingi mpaka mguso ule peke yake unaanza kumletea utulivu. Kisha tunasafiri kwa mawazo: yuko Darajani anakata tiketi, yuko foleni Malindi, anasikia injini, anaona mji unabaki nyuma. Hofu ikipanda, anainua kidole cha mkono wa pili, tunarudi hatua moja. Siku ya kwanza kidole kiliinuka akiwa bado Darajani.

Jambo moja sifanyi, na ningependa msomaji alijue: simchimbi mtu akiwa katika hali ile ili "akumbuke" tukio lililofichika. Hipnosisi inaweza kutengeneza kumbukumbu za uongo ambazo mtu ataziamini kama kweli.

Na hapa niwe mkweli kuhusu mpaka wake. Tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa hofu za namna hii ni kuikabili hofu yenyewe hatua kwa hatua. Hipnosisi ni ngazi ya kumfikisha mtu hapo. Anayekuahidi kwamba kikao kimoja kitaondoa kila kitu, muulize amesomea nini kwanza: uuguzi, udaktari, saikolojia tiba? Na mwenye historia ya kusikia sauti au kuona visivyoonekana aonwe na daktari wa afya ya akili kabla ya kujaribu hipnosisi.

Kwa hiyo tulitoka chumbani. Tulichagua siku za maji mafu, bahari ikiwa haina nguvu, pamoja na mwalimu wa kike wa kuogelea. Wiki ya kwanza maji ya magotini. Wiki ya tatu alilala chali, mkono wa mwalimu chini ya mgongo wake, masikio yakiwa ndani ya maji. Alishtuka: kelele zote za ufukweni zilikatika, akabaki anasikia pumzi yake tu. Akagusa vidole. Mapafu yalipojaa, kifua kikapanda chenyewe. Mwalimu akaondoa mkono bila kusema, na mama akaendelea kuelea.

Pale nilimweleza kitu ambacho chumbani asingekiamini: maji ya mita tatu na ya mita mia tatu yanambeba mtu kwa nguvu ile ile. Kina hakimvuti mtu chini. Hatari za kweli ni mkondo, mawimbi, uchovu, chombo kilichojaza kupita kiasi, na hizo lazima zibaki zinaogopwa. Hofu ikishatulia kabla mtu hajajua kuelea, tunaweza kumpeleka kwenye hatari mpya, ndiyo maana sikubali kufanya nusu moja bila nyingine.

Alivuka mwezi wa tano tangu aanze. Aliniambia kwamba kwenye mkondo wa Nungwi boti ilipoanza kuyumba, moyo ulimwenda mbio kama zamani, akashika vidole, akahesabu pumzi, akabaki kwenye kiti. Kabla ya kukaa alikuwa amemuuliza baharia jaketi okozi ziko wapi na zinafungwaje, akaivaa moja kujaribu, akaivua. Dada yake alikuwa anamsubiri gatini Mkoani, Pemba.