Kwa nini dawa za presha huachwa njiani? Maswali na majibu

Nimemeza dawa mwezi mzima na presha imeshuka hadi 128/80. Si nimepona?

Bado. Imeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi, na ukiacha itapanda tena. Hapa ndipo wengi huishia, na siwezi kuwalaumu. Tumelelewa na malaria: unameza dozi ya siku tatu, homa inaisha, unarudi kazini. Presha haina dozi ya kumaliza. Tena mara nyingi haiumi. Mtu ana 170/100 na bado analima, anabeba ndoo, analala fofofo, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiharibika polepole. Anayesubiri kichwa kimuume ndipo ameze kidonge anajiweka kwenye hatari ya kiharusi.

Mbona dawa zinanisumbua kuliko ugonjwa wenyewe?

Malalamiko haya ni ya kweli na yanastahili kusikilizwa. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu kwenye vifundo. Enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokwisha, nao wakaishia kununua dawa za kifua bure. Halafu kuna dawa za kukojoza. Mfikirie mama anayewahi samaki alfajiri kwenye soko la Feri, Dar es Salaam: akimeza kidonge kabla ya kutoka, mkojo unambana ndani ya daladala iliyojaa, na choo hakuna. Akirudia hivyo mara mbili tatu, kidonge kinabaki kabatini. Huyo si mkaidi.

Karibu kila tatizo la aina hii lina njia. Enalaprili inaweza kubadilishwa ikawa losatani, ambayo kwa kawaida haileti kikohozi. Amlodipini inaweza kupunguzwa na kuongezewa dawa nyingine. Ya kukojoza inaweza kumezwa baada ya kurudi sokoni, mradi isiwe usiku. Hata nguvu za kiume zikipungua, sema. Wanaume wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo. Baadhi ya dawa huchangia kweli, ila presha isiyotibiwa nayo huharibu mishipa ileile. Kubadilisha ni kazi ya daktari: usiache ghafla wala kuazima vidonge vya jirani.

Daktari akiuliza kama nameza dawa, najibu ndiyo ili asinigombeze. Kuna ubaya?

Upo, na mimi naona ndio mkubwa kuliko yote. Ukidanganya, daktari ataamini dawa uliyonayo haitoshi, ataongeza ya pili, pengine na ya tatu. Siku ukiamua kuzimeza zote, presha inaweza kushuka mno ukaanguka. Lakini wahudumu nao wana sehemu yao. Mgonjwa anayefokewa mbele ya foleni hujifunza kuficha. Swali kama "Wiki hii ni siku zipi hukumeza, na ilikuwaje?" hufungua mdomo kuliko "Unameza dawa au humezi?"

Nauli na foleni zinanishinda. Nifanyeje?

Bei ya kidonge si gharama yote. Kuna nauli, kuna kuamkia kliniki, kuna biashara iliyofungwa siku nzima. Ndiyo maana wengine humeza leo na kuruka kesho ili vidonge vifike mwisho wa mwezi, na presha haitulii. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba presha ikishatulia, mgonjwa aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Basi uliza kama unaweza kupewa dawa za miezi kadhaa, upimwe presha kwenye zahanati ya karibu.

Kitunguu saumu hakitoshi?

Kula kama chakula, si badala ya dawa. Kupunguza chumvi kuna faida iliyothibitika: isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye ng'onda na viungo vya mchuzi.

Nikisahau kidonge je?

Meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Kama muda wa kidonge kinachofuata umekaribia, usimeze viwili kwa pamoja. Kwenye Ramadhani, dawa ya mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa futari au daku. Zungumza na daktari kabla mwezi haujaandama. Na ukihisi una ujauzito, rudi kliniki mara moja, maana enalaprili na losatani zinaweza kumdhuru mtoto na utahitaji kubadilishiwa.