Maswali na majibu: Kituo cha takwimu za tiba chuoni, na kwa nini mnakuja mmechelewa

Mimi nafanya kazi kwenye kituo cha takwimu za tiba cha chuo kikuu. Maswali haya naulizwa karibu kila wiki na madaktari, manesi na wanafunzi wa uzamili, sasa nayajibu yote hapa kwa pamoja.

Takwimu za tiba ni nini hasa?

Ni hesabu za kutusaidia kujua kama tulichokiona kwa wagonjwa kimeletwa na dawa kweli au kimetokea kwa bahati tu. Basi.

Na kituo kinafanya nini, si kuchambua data?

Hapana, na hili ndo kosa ninalotaka life kabisa. Kuchambua ni kipande cha mwisho. Kazi inaanza na swali lako la utafiti maana wengi wanakuja na mada bila swali, alafu tunapanga muundo wa utafiti, tunakokotoa ukubwa wa sampuli (yaani wagonjwa wangapi wanahitajika), tunaandaa orodha ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, tunapitia dodoso na fomu, tunajenga kanzidata inayokataa umri wa miaka 340, tunaandika mpango wa uchambuzi kabla hata ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Utafiti wa dawa ukiwa unaendelea tunatayarisha ripoti za kamati huru ya usalama, ili dawa ikionekana inaumiza watu jaribio lisimamishwe mapema.

Nimeshamaliza kukusanya data, naweza kuja sasa?

Njoo, hatukufukuzi. Lakini umechelewa. Mtu anafika na flashi, ana wagonjwa 150, anataka kujua dawa gani inarefusha maisha, tukifungua faili hakuna tarehe ya kuanza dawa, hakuna tarehe ya kifo, kuna safu moja tu imeandikwa "amefariki: ndiyo/hapana". Hapo namsaidiaje? Tarehe ambayo haikuandikwa hamna hesabu ya kuirudisha. Mwanatakwimu wa Uingereza Ronald Fisher alishasema mwaka 1938 kwamba ukimwita mwanatakwimu baada ya jaribio kuisha, mara nyingi unamwomba aipasue maiti tu, labda atakwambia jaribio lilikufa kwa ugonjwa gani. Ni miaka mingi imepita na maiti bado zinaletwa.

Njoo kabla ya kukusanya data. Kabla ya kwenda kamati ya maadili. Proposo, yaani andiko la mpango wa utafiti wako, ikiwa bado rasimu.

Nimesikia sampuli ya 30 inatosha, kweli?

Sijui nani anawafundisha hivi na ningependa aache. Chukua ugonjwa unaoua wagonjwa 20 kwa kila 100, na dawa mpya inayoshusha hadi 10 kwa 100, yaani inapunguza vifo nusu nzima, hiyo ni dawa nzuri mno. Ukiweka watu 30 kila kundi utategemea vifo kama 6 huku na 3 kule, na tofauti ya 6 na 3 inaweza kuja kwa bahati tupu, kwa hiyo utaandika "hakuna tofauti" na dawa inayookoa watu itawekwa kando. Ili uwe na nafasi ya 80 kwa 100 ya kuiona tofauti hiyo kama kweli ipo, kwa kiwango kile cha kawaida cha 0.05 (yaani dawa ikiwa haina tofauti, bahati itudanganye si zaidi ya mara 5 kwa 100), unahitaji watu kama 200 kila kundi. Ukijua 10 kwa 100 watapotea njiani, andikisha 223 au zaidi kila kundi. Hesabu hii haichukui muda mrefu ukija mapema, ukija baadaye haina kazi tena maana wagonjwa wameshatolewa damu, wameshaacha shughuli zao kuja kliniki, na hakuna jibu. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu wale watu walikubali kushiriki wakiamini itasaidia wengine.

Kwa nini mnasisitiza kugawa kwa bahati nasibu? Mimi daktari najua nani anafaa dawa.

Ndo maana hasa. Bila kukusudia utampa dawa mpya yule mwenye nafuu, alafu utasema dawa imeponya. Jaribio la dawa ya streptomaisini kwa kifua kikuu lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, mwanatakwimu Austin Bradford Hill alipanga mgawanyo ukafichwa ndani ya bahasha, daktari hakujua mgonjwa anayefuata anaangukia wapi. Baada ya miezi 6 walikuwa wamefariki 4 kati ya 55 waliopata dawa, na 14 kati ya 52 wa mapumziko ya kitandani peke yake. Namba ndogo, lakini zimeaminika mpaka leo kwa sababu ya mpangilio. Chanjo ya polio iliyotengenezwa na Jonas Salk wa Marekani nayo ilijaribiwa mwaka 1954 kwa watoto kama milioni 1.8, tathmini ikafanywa na kituo maalum cha University of Michigan chini ya Thomas Francis, matokeo yakatangazwa Aprili 1955. Mnaona, chuo kikuu kilikuwemo kabla jaribio halijaanza, hakikuletewa flashi mwishoni.

Si kuna programu za kompyuta, kwa nini nisibonyeze mwenyewe?

Bonyeza, ni vizuri kujifunza, lakini programu haikatai upuuzi. Ukiandika 999 pale ambapo presha haikupimwa, itaijumlisha kwenye wastani kama vile kuna mgonjwa mwenye presha ya 999 na haitakwambia kitu.

Thamani ya p imetoka 0.08, tujaribu vipimo vingine mpaka ishuke?

Hapana. Hapana tena. Thamani ya p ni uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama hiyo au zaidi kwa bahati tupu, dawa ikiwa haifanyi kitu, na watu wanaikimbiza ishuke chini ya 0.05. Ukifanya vipimo 20 visivyotegemeana kwenye dawa isiyofanya kazi kabisa, uwezekano wa angalau kimoja kutoka chini ya 0.05 kwa bahati ni kama asilimia 64. Sa hiyo ukiitangaza kuna mtu atameza dawa kwa ajili ya bahati yako. Kinachopimwa kwanza kiandikwe kwenye mpango kabla data haijaonekana, ndo sababu ingine nawaambia mje mapema.

Supavaiza ananikimbiza, sina muda wa kuja mapema.

Muda wa kurudia utafiti unao? Njoo na ukurasa mmoja tu: swali lako, wagonjwa gani, utapima nini na lini, unadhani tofauti itakuwa kubwa kiasi gani. Usisubiri proposo ipendeze.

Na kama ndo nimeshachelewa kabisa?

Usifute kitu, usijaze mapengo kwa kukisia, usiwatoe wagonjwa "wanaoharibu" matokeo. Njoo na data kama ilivyo pamoja na zile fomu za karatasi zenyewe, maana kuna siku tarehe iliyokosekana kwenye kompyuta tunaikuta nesi ameiandika kwa kalamu pembeni ya karatasi.