Komenti 300 za "Next" Haziwezi Kuhariri Riwaya Yako

Wiki hii nimetumiwa tena skrinshoti. Kijana ana riwaya yake ya kwanza, ameirusha Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka imeisha, sasa anataka niipitie "kidogo tu" maana wasomaji wameshaipitisha, na ushahidi wake ndio hiyo skrinshoti: next, next, dah, shusha vitu mkuu, usituache na arosto. Nahariri miswada miaka mingi sasa na hilo la "wasomaji wameshaipitisha" nimelisikia mpaka basi, so leo naandika mara moja, atakayekuja tena nitamtumia hii asome kwanza.

Dhana yenyewe: watu wakikomenti sana, basi riwaya iko tayari.

Haiko tayari. Mtu akiandika "next" anakwambia kitu kimoja, kwamba umemkatia pabaya na anataka kujua nani anagonga mlango saa nane usiku. Ni jambo zuri hilo, taharuki ni kazi na wengi inawashinda. Ila hajakwambia kama mhusika wako anaaminika, kama katikati panaburuza, kama mwisho umetoka hewani. Na hata ukitaka akwambie ni ngumu, maana leo kasoma kipande cha dakika tano, kesho kingine, keshokutwa umeme umekatika hujarusha, anakuja kuendelea Jumatatu na hapo katikati kashasoma simulizi tatu za watu wengine, atakumbuka nini?

Dada mmoja aliniletea simulizi ya sehemu 72. Shangazi yake mhusika mkuu anafariki sehemu ya 9, anazikwa, arobaini inasomwa. Sehemu ya 41 shangazi yuleyule yupo uani anachagua mchele wa pilau la harusi. Nikampigia simu kumuuliza, akanyamaza kabisa, hata yeye alikuwa hajui, alikuwa anaandika kwenye simu usiku watoto wakishalala na asubuhi anarusha. Komenti kibao kati ya sehemu hizo mbili na hakuna hata mmoja aliyesema "samahani dada, huyu si tulimzika?" Na siwalaumu wasomaji hata kidogo, wao waliitwa waje kuburudika, wakaburudika, hakuna aliyewaomba kukagua.

Halafu kuna kitu waandishi wa simulizi hawakioni mpaka wakiunganisha vipande kuwa mswada mmoja. Kila sehemu inaanza na "ilipoishia" na inamalizika na mshtuko, sasa zidisha mara 72. Kwenye simu, kipande kimoja kwa siku, ni raha. Kwenye kitabu mtu amekaa nacho Jumapili nzima, mshtuko wa kumi haumshtui tena, anaanza kuona unamfanyia kusudi, na ule "moyo ulimdunda kama ngoma" anaukuta karibu kila ukurasa wa pili.

Sisemi usirushe kwa vipande. Charles Dickens wa Uingereza alikuwa anatoa riwaya kwa vipande vya kila mwezi tangu 1836, ila karatasi zake za kazi za baadhi ya riwaya hizo zipo mpaka leo, humo kwa kila toleo alikuwa anajiandikia nani atokee, nani asubiri, swali gani lijibiwe sasa na lipi libaki. Hicho ndicho ninachowaambia kila siku: nunua daftari, hata lile la shule, andika majina, umri, nani yuko hai, nani anajua siri ya nani. Mkiwa na daftari shangazi hafufuki.

Na wasomaji wa mtandaoni wanaweza kusaidia sana, wakipewa nafasi. Andy Weir wa Marekani, mtaalamu wa programu za kompyuta, aliweka riwaya yake ya mwanaanga aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi, sura moja moja, bure kwenye tovuti yake. Wasomaji wanaojua kemia na fizikia wakawa wanamwandikia kwamba hapa hesabu yako imekosea, naye anarekebisha. 2011 wasomaji wenyewe wakamwomba aiweke Kindle, yaani duka la vitabu vya kielektroniki la Amazon, akaiuza senti 99, 2014 kampuni kubwa ya vitabu ikaitoa upya. Sasa ona tofauti, wale hawakumwambia tamu sana, walimwonyesha mahali na wakamweleza kilichoharibika.

Kwa hiyo ukitaka maoni, fanya hivi, na hapa nawasihi. Tafuta watu watano, mmoja awe mtu asiyependa hadithi za aina yako. Wape mswada mzima, sio vipande. USIWAULIZE "umeionaje", ukiuliza hivyo Mswahili mstaarabu atakujibu "nzuri" hata kama aliishia ukurasa wa nne, hawezi kukuvunja moyo. Uliza: ni wapi uliweka simu chini? Nani ulikuwa unamsahau ni nani? Wapi ulirudia kusoma kwa sababu hukuelewa? Halafu mwombe akuhadithie riwaya yako yote kwa voisi noti bila kuangalia. Voisi noti ni dhahabu, naamini hivyo kabisa. Sura atakayoiruka wakati anahadithia ndiyo sura isiyo na kazi, mhusika atakayemwita "yule nani yule" ndiye hujamuumba bado, na pale sauti inapopanda na anaanza kuongea haraka haraka, hapo ndipo riwaya yako ilipo, jenga kuanzia hapo. Usimjibu, usimweleze ulimaanisha nini, kaa siku mbili kwanza. Watatu kati ya watano wakijikwaa palepale, parekebishe bila ubishi.

Yule dada alifanya hivyo. Zile sehemu 72 zimebaki sura 31, shangazi amebaki kaburini, na pilau anapika jirani, bi harusi akisikia harufu ya iliki analia maana sio mkono wa shangazi. Hiyo sehemu ya kulia haikuwepo kabisa mwanzo, imezaliwa kwenye lile kosa.

Mengine ninayoambiwa na waandishi nayapitia haraka.

"Wataniibia wazo." Wazo halina mwenyewe kisheria, kinacholindwa ni jinsi ulivyoliandika, na ulinzi unaanza pale pale unapoandika, Tanzania Bara kwa sheria ya hakimiliki ya 1999 na Kenya kwa ile ya 2001, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania) au KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya) kunakupa ushahidi ukifika kwenye mgogoro, sio ndio kunakupa haki. Wizi unaotokea kweli ni wa mtu kukopi simulizi nzima, akafuta jina lako na kuiuza kama "full" kwenye grupu lake. Basi weka jina lako ndani ya kila sehemu, juu na katikati, na utunze faili lenye tarehe. Kumficha msomaji wako mswada miaka mitano kwa kuogopa wezi ni kujiibia mwenyewe.

"Anayekosoa ana wivu." Huyu ndiye aliyesoma mpaka mwisho! Mshukuru.

"Wasomaji wakitaka nibadilishe, nibadilishe." Wakisema "muue huyo baba" wanakwambia baba anawachosha. Nenda kaangalie, mara nyingi utakuta baba anahutubia kurasa mbili kila akifungua mdomo. Mpunguze maneno, mwache aishi. Na ule mtindo wa kupigisha kura ya nani aolewe na nani mimi siukubali, mwisho wa riwaya unajengwa kuanzia ukurasa wa kwanza, hauwezi kuamuliwa Ijumaa jioni na watu ambao nusu yao wameingia kwenye grupu jana.

"Nikishairusha hakuna mchapishaji atakayeitaka." Inategemea. Wapo wanaofurahi kuona una wasomaji, wapo wanaokataa, na mashindano mengine yanataka mswada ambao haujachapishwa popote, kwa hiyo soma masharti KABLA ya kurusha. Ushauri wangu ni rusha theluthi ya kwanza tu, mswada mzima wapelekee wale watano.

"Makosa ya herufi utarekebisha wewe mhariri." Nitarekebisha, lakini unanilipa muda wangu niweke nukta na kutenganisha "kula" na "kura" wakati ningekuwa naangalia kwa nini sura ya sita haisogei. Na yule msomaji wako wa kwanza hana mhariri pembeni, akikuta aya ya mistari 40 haina hata koma anatoka. Soma kwa sauti mswada wote mara moja kabla hujampa mtu, unapokata pumzi weka nukta, kisha niletee ukiwa na zile voisi noti tano. Skrinshoti baki nazo.