Kwa nini nyumba yako imepewa D

Mwenye nyumba akishapokea cheti cha nishati, kinachoipa nyumba herufi kuanzia A (bora zaidi) hadi G (duni zaidi) kwa matumizi yake ya nishati, mara nyingi huja na lalamiko lile lile: "Bili yangu ndogo, mbona mmenipa D?" Mimi ni mkaguzi, na jibu langu ni fupi: bili yako sikuiangalia kabisa.

Katika mfumo wa England na Wales ninaoufanyia kazi, napima eneo la sakafu, nachunguza kuta, paa, madirisha, mtambo wa kupasha joto na wa maji moto. Programu kisha inakokotoa gharama ya nishati kwa kila mita ya mraba na kuigeuza kuwa alama na herufi, ikichukulia kwamba wakaaji ni wa kawaida na sebule inafikishwa nyuzi joto 21. Wewe ukivaa sweta mbili na kuzima hita, hiyo ni tabia yako, na siku ukihama utaondoka nayo. Mnunuzi anabaki na kuta.

Kinachowauma watu zaidi ni kazi iliyofichika. Siruhusiwi kutoboa ukuta wako. Nyumba ya miaka ya 1930 yenye kuta mbili na uwazi katikati, kama hakuna ushahidi kwamba uwazi huo ulijazwa kihami joto (kitu cha kuzuia joto lisitoke), huhesabiwa kuwa mtupu. Fundi alilipwa, joto halitoki, na alama haipandi hata moja! Kwa hiyo kabla hujaniita, tafuta ankara yenye anwani ya nyumba au dhamana ya aliyejaza. Maneno yako nayaamini. Programu ndiyo haiyapokei.

Usiishie kwenye herufi, soma na alama. D inaanzia 55 hadi 68, kwa hiyo nyumba ya 68 imebakiza alama moja tu kuingia C, wakati ya 55 ina safari ndefu, na zote zimebandikwa herufi moja. Anayepangisha aichunguze zaidi E, inayoanzia 39: tangu Aprili 2020 nyumba ya F au G kwa kawaida hairuhusiwi kupangishwa bila msamaha uliosajiliwa. Cheti chenyewe hudumu miaka 10, kwa hiyo cha zamani huenda kinaeleza boila iliyokwisha tupwa.

Kuna jambo moja katika hesabu hii ambalo silipendi. Kwa kuwa alama inafuata gharama, hita za umeme hushushwa daraja pale umeme unapokuwa ghali kuliko gesi, hata kama umeme huo ni safi. Na paneli za jua hupandisha alama haraka, huku chumba cha chini ya paa kikibaki baridi kama kilivyokuwa. Anayetafuta herufi pekee ataanza na paneli. Ningekuwa mimi ninayelala humo, ningeanza kwa kutandika kihami joto juu ya dari, kisha nizibe nyufa za milango.